Kabla hujakopa friji ya maandazi, soma habari za kabati la pai

Wiki hii niliahidi kuandika juu ya viwavijeshi, lakini nawaomba radhi wenye mahindi wanisubiri kidogo. Kuna jambo limenikaa rohoni, nalo lina tarehe. Akina mama watano wa kata ninayofanyia kazi, wanaooka mikate na kukaanga vitafunwa, wanataka kukopa fedha wakanunue friji ya mlango wa kioo. Bei wameshaulizia mjini. Marejesho ni ya miezi 18. Ukiwauliza friji ya nini, wanakujibu: maandazi na mikate isiharibike.

Mimi napinga. Tena napinga nikijua kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyewafikisha hapo.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa hofu ya kipindupindu, nilipita kwa kila muuza vitafunwa nikihimiza jambo moja tu: funika. Weka kwenye ndoo, bana mfuniko, nzi asiingie. Wakanisikiliza, na kweli nzi hawakuingia. Lakini maandazi yalikuwa yanatiwa ndooni yakiwa ya moto. Mvuke ukakosa pa kutokea, ukageuka matone chini ya mfuniko, matone yakarudi juu ya maandazi. Kesho yake asubuhi yananata, keshokutwa yana ukungu. Mama mmoja alinionyesha ndoo nzima aliyotaka kuwamwagia kuku (na hilo nalo tusilifanye, kwa sababu ukungu una sumu hata kwa kuku). Hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Sasa bwana shamba, nikiyaacha wazi nzi, nikiyafunika ukungu. Niyaweke wapi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ni la zamani sana. Wake wa wakulima wa Marekani walikuwa na swali hilo hilo katika karne ya 19, na mafundi seremala wao walilijibu kwa samani moja ya jikoni iitwayo kabati la pai.

Tuanze na pai yenyewe kwa wasioijua. Ni unga uliokandwa kwa mafuta, ukasukumwa kama chapati, ukatandazwa kwenye sahani, ukajazwa matufaa au boga au nyama, kisha ukaokwa. Kwa familia ya shambani kule Virginia, Pennsylvania, Ohio au Tennessee, pai haikuwa chakula cha sikukuu. Ililiwa siku yoyote. Na haikuokwa mojamoja. Tanuri la kuni linakula kuni nyingi na linachelewa kupata moto, kwa hiyo mama alichagua siku moja katika wiki, akawasha, akaoka mikate na pai za siku kadhaa kwa moto ule ule mmoja. Wewe unayewasha tanuri la udongo mara mbili kwa wiki unaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Ukishaipua, shida ndiyo inaanza. Una rundo la vyakula vya moto, nyumba ina nzi, panya, sisimizi na watoto, na umeme haujazaliwa.

Kabati lao lilikuwa hivi. Fremu ya mbao, kimo cha kifuani au begani kwa mtu mzima, milango miwili, rafu ndani, miguu mirefu ya kuliinua kutoka sakafuni. Mengi yalikuwa na droo moja au mbili. Kitu cha pekee kilikuwa milango na ubavu. Mahali ambapo kabati la kawaida lina ubao, hili lilikuwa na vipande vya bati jembamba vilivyotobolewa matundu madogo mengi kwa msumari au patasi. Mara nyingi mlango mmoja ulibeba vipande vitatu. Matundu hayakutobolewa ovyo, bali yalichora nyota, mioyo, maua, zabibu, hata tai. Ukilitazama unadhani ni pambo, kumbe kila tundu ni dirisha. Hewa inapita, mvuke unatoka, nzi anabaki nje akizunguka. Mengine yaliwekwa wavu wa waya badala ya bati, hasa wavu ulipoanza kupatikana kwa bei ndogo. Lilisimamishwa upande wa nyumba wenye ubaridi, mbali na jiko, mara nyingi kwenye veranda ya nyuma. Miguu iliwekwa ndani ya vikopo vya maji au mafuta ya taa ili sisimizi wasipande, na waliosumbuliwa na panya zaidi walilining'iniza darini.

Bati lenyewe lilitoka mbali. Kwa sehemu kubwa ya karne ile Wamarekani walilileta kwa meli kutoka Wales, mpaka sheria ya ushuru ya mwaka 1890 ilipofanya bati la nje kuwa ghali ili viwanda vya nyumbani viinuke. Nalitaja hili kwa sababu najua kuna mtu atasema hao walikuwa matajiri, walikuwa na vitu. Walikuwa wakulima, na bati walilinunua kama wewe unavyonunua.

Kilichoyaondoa makabati haya jikoni ni barafu, kisha umeme. Mijini watu walianza kuletewa mabonge ya barafu mlangoni, wakawa na makabati ya baridi, na baadaye zikaja friji. Mashambani kabati la pai liliendelea kwa muda mrefu zaidi. Serikali ya Marekani ilipoanzisha mradi wake wa umeme vijijini mwaka 1935, karibu shamba 1 tu kati ya 10 lilikuwa na umeme. Leo makabati yale ni mali ya kale. Wanaoyapenda huyanunua kwa fedha nyingi, wengine wanabandika bati jipya kwenye kabati kuukuu na kuliita la kale. Mwaka 2014 makumbusho ya Bonde la Shenandoah, mjini Winchester katika jimbo la Virginia, yaliyafanyia maonyesho yake yenyewe. Na wengi walio nayo majumbani wanatunzia taulo humo. Sina ugomvi nao, wana umeme usiokatika.

Huku kwetu ndugu yake lilikuja kwa njia nyingine, kupitia nyumba za watumishi wa serikali ya kikoloni na za misheni, likiwa kabati la wavu la kutunzia nyama na maziwa. Wenye umri wangu mmeliona kwa bibi au kwa mwalimu mkuu. La bibi yangu lilikuwa la kijani, wavu umetoboka pembeni akauziba kwa kitambaa. Lilipokuja kabati la vyombo la kioo, la wavu likapelekwa bandani likawa kiota cha kuku. Tuliona aibu nalo. Naomba tuiache hiyo aibu kwa dakika chache tuangalie kazi.

Ukungu unahitaji unyevu kuliko kitu kingine chochote. Mbegu zake ziko hewani muda wote, huwezi kuzifukuza, lakini zikitua kwenye ngozi kavu ya mkate zinachelewa kuota, na zikitua kwenye ngozi yenye matone zinaota haraka. Ndiyo maana mfuko wa plastiki uliofungwa mkate ukiwa wa moto ni kitalu cha ukungu. Kuna na ugonjwa mwingine wa mkate ambao wengi wenu mmewahi kuuona bila kuujua jina. Unaukata mkate, katikati unanata na kuvuta nyuzi kama bamia, na harufu yake ni ya tunda lililoiva kupita kiasi. Huo unaletwa na bakteria ambao mbegu zao huvumilia joto la tanuri, kisha zinaamka mkate ukikaa katika joto na unyevu. Dawa ya kwanza ya vyote viwili ni kupoza. Andazi lipoe kwenye chekeche au wavu, si kwenye beseni, nusu saa hadi saa nzima. Mkate wa kopo saa mbili hadi tatu, mpaka ukiushika chini usikute uvuguvugu. Ndipo uingie kabatini.

Sasa kuhusu friji. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu watu wengi waliosoma hawalijui hili. Mkate haugeuki mgumu kwa kupoteza maji peke yake. Wanga ulioiva, unapopoa, unaanza kujipanga upya na kukaza, na kazi hiyo inakwenda kwa kasi zaidi katika ubaridi wa friji, ule wa karibu na nyuzi 0 hadi 5, kuliko katika joto la kawaida la chumba. Friji inachelewesha ukungu, ni kweli, lakini inauharakisha ugumu. Usiniamini kwa mdomo. Chukua mkate mmoja uliopoa, ukate katikati, nusu ifunge kwa kitambaa na kuiweka rafuni, nusu ifunge vilevile na kuiweka kwenye friji ya jirani. Kesho asubuhi bonyeza zote mbili kwa kidole. Friza, ile inayogandisha kabisa, ni habari nyingine, lakini hakuna mteja wa chai ya saa kumi na mbili asubuhi anayesubiri andazi liyeyuke.

Kwa hiyo kikundi changu kinataka kulipa deni miezi 18, na juu yake kununua umeme wa LUKU, ili maandazi yawe magumu mapema zaidi. Mwenyekiti wao aliniambia, "Bwana shamba, tutaweka na soda na maji." Sawa. Basi hiyo ni biashara ya soda, ipigiwe hesabu yake kama biashara ya soda: unauza kreti ngapi kwa wiki, faida ya chupa ni shilingi ngapi, umeme ukikatika siku mbili inakuwaje. Ikilipa, kopeni. Lakini msiibebeshe andazi.

Niseme na kuhusu sanduku la kioo, maana ndilo limeenea kwenye vibanda. Nalielewa: mteja anaona, na macho ndiyo yanayonunua. Lakini sanduku la kioo lililofungwa pande zote na kukaa juani ni ndoo yangu ile ile, tofauti ni kwamba unaona maandazi yakitoka jasho. Ukiwa nalo tayari, usilitupe. Mwite fundi atoe kioo cha nyuma na cha ubavu mmoja, aweke wavu wa waya. Mbele ibaki kioo. Umeshapata kabati la pai la barabarani.

Kwa anayetengeneza jipya, nimekaa na fundi seremala tukakubaliana hivi: urefu futi 5, upana futi 3, kina futi 1 na nusu, na katika urefu huo miguu ichukue futi 1. Rafu zisiwe ubao mzima, ziwe mbao nyembamba zilizoachiana nafasi ya kidole ili hewa ipande. Wavu au matundu yawe pande mbili zinazotazamana, si upande mmoja, vinginevyo hewa inaingia na kukosa pa kutokea. Wavu uwe wa waya, ule wa madirisha ya mbu. Wa plastiki panya anautafuna kwa usiku mmoja. Mlango ukae sawasawa kwenye fremu, kwa sababu mtoto wa panya anapita kwenye upenyo wa milimita 6 tu, unene wa penseli. Ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli ukipigiliwa kwenye ukingo wa mlango unaziba vizuri.

Asiyeweza kununua wavu wa kutosha atumie bati kama Wamarekani wale. Debe la mafuta ya kula likifunguliwa na kunyooshwa linatoa kipande kizuri. Lilaze juu ya gogo, toboa kwa ncha ya msumari mwembamba, tundu lisizidi milimita 2, kutoka upande utakaokuwa ndani kwenda nje, ili makali yabaki nje na mkono usichanike unapofuta rafu. Watoto wachore nyota wakitaka. Bati lina faida moja ambayo wavu hauna: upande unaotazama barabara linazuia vumbi zaidi. Ila nakuomba, na hapa naongea kama afisa ugani na si kama rafiki, lisiwe debe wala kopo lililowahi kubeba dawa ya mimea, dawa ya kuoshea mifugo au mafuta ya gari. Hata ukiliosha mara kumi, usilitumie. Mbao nazo zisipakwe oili chafu ya kuzuia mchwa. Ndani ya kabati acha mbao tupu, zisuguliwe na msasa, zifutwe kila siku kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na kukaushwa.

Vikopo vya maji miguuni vina kasoro ambayo wale wa zamani hawakuifikiria. Maji yaliyotulia kwenye kopo ni mahali pazuri sana pa mbu aina ya Aedes kutagia, naye ndiye anayeeneza homa ya dengue, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kiluwiluwi anahitaji takriban wiki moja kuwa mbu. Mwaga maji, sugua kopo na weka mengine kila baada ya siku 3, au weka mafuta ya kukaangia yaliyochakaa kina cha kidole. Na kabati lisiguse ukuta, maana sisimizi hawahitaji miguu ya kabati kama ukuta umewapa daraja.

Sasa mipaka yake, nisije nikarudia kosa la ndoo. Kabati la wavu halipozi chakula, linakilinda tu na kukipa hewa. Mkate, maandazi, skonzi, hafkeki na keki kavu vitakaa humo vizuri. Andazi litakauka kidogo ngozi kufikia jioni, na la jana liuzwe kama la jana, kwa bei ya jana. Mkate wa kumimina na chochote chenye tui kiuzwe siku hiyo hiyo. Sambusa za nyama, keki ya krimu, mayai ya kuchemsha yaliyomenywa, hivyo visilale humo hata usiku mmoja. Na biskuti, visheti na kashata havitaki hewa kabisa. Vyenyewe ni vikavu, vinanyonya unyevu na kulainika, kwa hiyo vibaki kwenye kopo lililofungwa. Nimeona mtu akichanganya vyote kwenye chombo kimoja, andazi likailainisha visheti na visheti visilipe andazi chochote.

Msimu wa masika hewa yenyewe ina maji, na hata kabati zuri litashindwa kukupa siku mbili. Kipindi hicho kaanga kidogo, mara nyingi. Wa pwani mnajua zaidi kuliko mimi.

Gharama sitaiandika hapa kwa sababu mbao za kwangu si bei ya mbao za kwako. Nimeipeleka kwa kikundi ikiwa imeandikwa mstari kwa mstari, wavu, bawaba, misumari na ufundi, ikae pembeni ya karatasi ya friji.

Kikao chao cha kusaini mkopo ni Alhamisi ijayo. Fundi ameshanitengenezea kabati moja, nimelilipia mwenyewe, na tangu jana liko kwa yule mama wa ndoo. Tumekubaliana nusu ya maandazi alale nayo kabatini, nusu kwenye ndoo kama alivyozoea, kwa siku tatu, na wenzake wanne wapite kila asubuhi kuyabonyeza na kuyaonja. Alhamisi yeye ndiye atakayesema, si mimi. Akisema kabati halifai, nitawasaidia kujaza fomu za mkopo, na wiki inayofuata tutarudi kwenye viwavijeshi.